Hedifoni za Mpiga Besi

Ukimwendea Mpiga Besi akusaidie kuchagua hedifoni, alianza kwa kukuuliza unasikiliza nini. Hata kama ulikuja na haraka zako na pesa umezifumbata mkononi, ulikaa kwanza ukajibu. Mimi nilimjibu, "Kila kitu." Alinitazama, unga umemjaa kwenye nyusi, akasema, "Mwalimu, anayesikiliza kila kitu bado hajaanza kusikiliza." Nilinuna. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na nilizoea kuwa mimi ndiye mwenye kuuliza.

Alizaliwa wapi na lini sijui, na sitajifanya najua. Nilimkuta Msamala, mtaa wa Songea, nilipohamia, tukitenganishwa na uzio wa matete ambao kuku wake hawakuutambua. Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi ng'ambo ya barabara. Lakini kabla ya hapo, mashirika ya umma yalipokuwa bado na nguvu, alipiga gitaa la besi katika bendi ya shirika moja. Vijana wa leo ukiwaambia wanashangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa: shirika lilikuwa na kiwanda, lilikuwa na timu ya mpira, na lilikuwa na bendi. Soko huria lilipokuja shirika likafungwa, magitaa yakafungiwa stoo pamoja na viti vya ofisini kwa kuwa vyote vilikuwa mali ya shirika, na wanamuziki wakaambiwa kila mtu aangalie maisha yake. Yeye akamfuata mkewe Songea. Mtaa mzima tulimwita Mpiga Besi, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona ameshika gitaa.

Mashine ya kusaga hupiga kelele kutwa, na yeye aliingia kazini na pamba masikioni, mabonge mawili yaliyochomoza nje. Wanawake waliopanga foleni na madebe yao walimtania sana. "Huyo msimsemeshe, katia pamba masikioni," walisema, na yeye alitabasamu kwa sababu hakuwa amesikia lolote. Nilimwuliza kwa nini wenzake hawafanyi hivyo. Akanijibu kwamba wenzake masikio yao hayana kazi nyingine, yake bado yana kazi moja haijaisha. Kazi gani? "Utaijua tu, mwanangu. Wewe si unapenda kujua mambo?" Hapo alinipata. Napenda kujua mambo, na kwa ajili ya neno hilo moja nilianza kuvuka uzio jioni kila nilipomwona ameketi nje.

Jambo la kwanza nililotaka kujua lilikuwa hilo lililompa jina. Nilimwuliza besi hasa ni nini, wala sikuuliza kwa kejeli. Katika redio yangu ndogo nilisikia waimbaji, nilisikia tarumbeta, nilisikia ngoma na gitaa la solo likilia juu. Kitu kingine sikukisikia. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza amepakua ugali na kisamvu, na Mpiga Besi akaonyesha sinia.

"Wageni wakila hapa watasifu nini?"

"Kisamvu," nikasema.

"Umewahi kumsikia mtu anasifu ugali?"

"Hapana."

"Haya, uondoe basi, tuone watakavyoshiba."

Mkewe akadakia kwamba ugali ukiondolewa wa kwanza kulalamika atakuwa yeye huyo huyo. "Umeona?" akaniambia. "Besi ndiyo ugali. Na hizo redio zenu zinapakua mboga tupu." Tulikula tukicheka, na nilipofika kwangu niliwasha redio nikainamia spika yake, ndogo kama kiganja cha mtoto, nikitafuta kitu ambacho kumbe hakikuwa na nafasi ya kupita mle.

Mpaka hapo nilidhani ni mzaha wa mzee aliyekumbuka ujana. Mkewe ndiye aliyenieleza kwamba si mzaha. Bendi yao ilirekodi nyimbo, na wimbo wao mmoja uliendelea kupigwa redioni kwenye vipindi vya salamu. Songea nzima iliujua. Watoto wa shule waliiga solo yake kwa midomo, na mafundi baiskeli waliifuatisha kwa mluzi. Siku moja, mwanzoni kabisa alipokuja kuishi ukweni, wimbo ulipigwa wakiwa wamekusanyika nyumbani kwa mama mkwe wake, Ruhuwiko. Shemeji zake wakaongeza sauti. Yule mama, ambaye nitamwita Bibi wa Ruhuwiko, akauliza: mkwe wangu yuko wapi hapo? Watu wakasikiliza. Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Shemeji mmoja akasema kwa utani, "Labda alikuwa anabeba spika," wakacheka wote, na Bibi akacheka nao. Tangu siku hiyo, akitaka kumsema bintiye, alikuwa akisema ameolewa na mbeba magitaa.

Mkewe alisimulia akicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliona mtu mzima amepoteza gitaa, amepoteza bendi, anaishi mji wa wakwe zake, na kazi pekee aliyowahi kuipenda inaonekana kwao kama uongo. Niliumia kwa ajili yake.

Ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa hakosi madukani kila mzigo mpya ulipoingia. Miaka ile vitu vilianza kumiminika. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yakawa na redio kaseti, na zile wokimani za kuning'iniza kiunoni, na hedifoni za kila namna zimetundikwa kwenye misumari. Mtu akinunua wokimani alipewa na hedifoni zake, za waya mwembamba na sponji la rangi ya chungwa, na wengi waliridhika nazo. Yeye aliziita mboga nyingine. Alikuwa anatafuta hedifoni ambazo mtu asiyejua muziki akizivaa atamsikia bila kuonyeshwa, na alitaka mtu huyo awe mama mkwe wake, ambaye umri ulikuwa umeanza kumpunguzia masikio. Hiyo ndiyo kazi aliyoyatunzia masikio yake.

Katika kutafuta kwake akawa mjuzi wa kuwachagulia wengine. Wauzaji wetu walikuwa na desturi yao: ukitaka kujaribu hedifoni, muuzaji anakuwekea kanda yake mwenyewe, disko la kishindo, sauti mpaka mwisho. Kila hedifoni ilionekana nzuri. Ukifika nyumbani ukiweka kanda yako unashangaa kimepotelea wapi ulichonunua. Mpiga Besi alikataza. "Usionje chumvi kwa ulimi wa mwenye duka," alisema. Kila mtu aende na kanda yake, tena wimbo anaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, na asikilize kwa sauti ya chini. Mimi nilipokubali kwamba sisikilizi kila kitu, kwamba ninachosikiliza hasa ni kwaya, tena naisikiliza nikifuata sauti ya pili kwa kuwa ndiyo ninayoiimba kanisani, alifurahi kama nimefaulu mtihani. Alinichagulia hedifoni nyepesi zisizobana, ambazo mtu wa pembeni angeweza kusikia kidogo unachosikiliza. "Hizi zinapumua. Kwaya inataka hewa, kila sauti ikae mahali pake." Nikazivaa palepale dukani. Sauti ya pili niliisikia imesimama peke yake, upande wa kushoto, wazi kabisa, na nikamsikia dada mmoja ameingia mapema. Niliudhika na kufurahi kwa wakati mmoja.

Mwenye duka lile alikuwa Myao wa Tunduru, mtu wa swala tano na mcheshi, aliyeacha biashara ya korosho akaingia kwenye redio. Mwanzoni alimwona Mpiga Besi ni balaa. "Mzee wangu, shikamoo, lakini wallahi leo nakuomba. Umejaribu zote, hununui, na wateja unawafundisha kukataa." Mpiga Besi akamwuliza yeye mwenyewe anasikiliza nini. Kaswida, akasema, na kisomo cha Kurani baada ya alfajiri. Akavuliwa zile hedifoni kubwa nyeusi alizokuwa akijivunia, zenye kishindo kingi, akapewa ndogo za bei ya chini zilizokuwa zimejaa vumbi kwenye kona. Akasikiliza. Akafumba macho. "Subhanallah," akasema, "kumbe msomaji huyu anavuta pumzi hapa." Kuanzia hapo alimwekea kigoda chake nyuma ya kaunta.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkaidi, na alikuwa na mambo yake ya kukinzana. Aliwahubiria watu wote kwamba hedifoni nzuri ni ile inayokufaa wewe, ghali au rahisi, lakini zake mwenyewe hakuna iliyomfaa. Alipenda ngoma nzito, ila mtoto akigonga sufuria alikunja uso. Kwenye harusi hakucheza hata kidogo. Alikaa karibu na spika, ananyanyua kidole kimoja na kukishusha. Kanisani kwaya ikianza alisinzia, na nilipomwuliza akasema, "Mwalimu, pale chini hakuna mtu," yaani sauti ya nne yetu, ile ya besi, ilikuwa na wanaume wawili, mmoja mwenye kikohozi. Na kanda yake, kanda pekee aliyokuwa nayo ya bendi yao, alitembea nayo imefungwa kwenye leso, haruhusu mtu kuigusa. Kuirudisha nyuma aliizungusha kwa penseli ili asiimalize betri.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo mambo hayaeleweki. Kwa Wangoni wa zamani mkwe mwanamume hakai uso kwa uso na mama mkwe wake. Akienda kumjulia hali, anakaa nje, mgongo ameuelekeza mlangoni, na maneno yake anampa mtu wa kati ayafikishe. Hampi kitu mkononi. Kumgusa kichwa ndiyo usiseme. Mjini wengi walishaanza kuyaacha hayo, lakini Bibi wa Ruhuwiko hakuacha, na Mpiga Besi, ambaye wala hakuwa Mngoni, alimheshimu kwa kufuata. Kwa hiyo hedifoni alizotaka mama mkwe wake azisikilize, hangeweza kumvalisha yeye mwenyewe.

Mara ya kwanza alimtuma mkewe. Ilikuwa Pasaka, na hedifoni zilikuwa zile za sponji la chungwa, kwa sababu subira ilimshinda. Mkewe akamvalisha mama yake, akabonyeza. Bibi akasikiliza, kichwa kikaanza kuyumba, akasema, "Ee, mkwe wangu anapiga! Anapiga vizuri huyu!" Mke akatoka nje mbio kumpa mumewe habari njema. Yeye akauliza: amesikia nini? Mke akaimba kwa mdomo alichokisikia mama yake. Ilikuwa solo.

"Mwambie siye mimi," akasema.

Mkewe alimsihi. Mama amefurahi, amekusifu, unataka nini tena? Nani atajua? Yeye akarudia bila kugeuka kwamba huyo ni mtu mwingine, tena marehemu, na sifa yake hawezi kuila. Mke akarudi ndani akasema. Bibi akavua hedifoni akauliza, "Kwa hiyo yeye hayumo?" Na ule utani wa mbeba magitaa, uliokuwa umeanza kusahaulika, ukapata nguvu mpya. Mkewe alikasirika siku nyingi. Akaniambia kwenye uzio, "Mwalimu, mtu anapewa heshima bure anaikataa. Safari nyingine atafute mjumbe mwingine. Na mama hataniamini tena, atasema namtetea mume wangu."

Nilimwuliza Mpiga Besi kama hajuti. Alifikiri. Akasema anajuta kila siku, lakini angeikubali ile sifa angekuwa kweli hayumo. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo sijui mimi ningefanyaje.

Myao wa Tunduru ndiye aliyemletea hedifoni zenyewe. Alizikuta Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya studio iliyofungwa. Zilikuwa kubwa, zinafunika sikio zima, zimeshonewa ngozi iliyochakaa, na waya wake umejiviringa kama wa simu ya ofisini. Hazikuwa na urembo wowote. Kichomeo chake, ile ncha ya kuchomeka, kilikuwa kinene, hakiingii kwenye wokimani yake, na fundi redio wa sokoni akakikata akachomelea kingine. Mpiga Besi alizivaa kwa mara ya kwanza uani kwake, alasiri, mimi na mkewe tukiwa tunapeta mchele. Alitoa pamba masikioni, akafungua leso, akaweka kanda. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea juu ya paja lake. Tukaacha kupeta. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha, na alipozivua alikuwa na sura ya mtu aliyepokewa mzigo.

"Nipo," akasema. "Nipo humu."

Mkewe alikwenda kumletea maji ya kunywa kabla hajaombwa. Jioni ile waliniomba niwe mjumbe. Kwa wakwe mimi sikuwa ndugu wa mtu, tena nilikuwa mwalimu. Bibi asingeweza kusema napendelea.

Tulikwenda Ruhuwiko Jumapili baada ya misa. Mpiga Besi akabaki nje, ameketi kwenye kigoda karibu na ukuta, mgongo mlangoni kama inavyopasa, mkewe kando yake. Mimi nikaingia. Bibi alikuwa mdogo wa mwili, mkali wa macho, na ilinibidi nirudie salamu kwa sauti ndiyo aipokee.

"Marahaba. Umeletwa na mbeba magitaa?"

"Nimeletwa na mkweo, bibi. Anaomba usikilize tena."

"Nilishasikiliza. Hayumo."

Nilimwambia zile zilikuwa mbovu. Akazitazama hizi kubwa kwa mashaka. Kilemba alikataa kukivua, mkwe yuko uani, kwa hiyo nikamvalisha juu ya kilemba, nikavuta kitambaa kidogo masikio yapate nafasi. Akalalamika zinambana. Kabla sijabonyeza nilimwinamia nikamwambia maneno niliyopewa: asimfuate anayelia juu, huyo alishamsikia, amsikilize anayetembea chini.

Nikabonyeza. Mwanzoni uso wake haukubadilika. Nilimwona anamsubiri mtu wa juu, anamfuata kidogo, anamwacha. Kisha akakunja kipaji. Mkono wake uliokuwa gotini ukaanza kwenda, taratibu, kidole baada ya kidole, na nilijua kwamba hauendi na solo.

Mtu aliyevaa hedifoni hajui sauti yake imefika wapi. Bibi alidhani ananinong'oneza mimi. Alipiga kelele nyumba nzima ikasikia, na majirani wakasikia.

"Wewe mwalimu! Mbona hawa wote wanamfuata yeye?"

Nikajaribu kumwashiria kwa mkono apunguze. Hakunielewa.

"Akisimama wanasimama! Akienda wanakwenda! Hata huyu mwenye makelele anamngoja! Kumbe mkwe wangu ndiye anayewapeleka!" Halafu, akidhani anashusha sauti zaidi, akasema kwa nguvu zilezile, "Usimwambie nimesema!"

Nilimwacha anasikiliza nikatoka mlangoni. Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio. Mpiga Besi alikuwa palepale kwenye kigoda, hajageuka, machozi yanamteremka mpaka kwenye ndevu na hayafuti.

Nikasema, "Mzee, amekataza nisikwambie."

Akatikisa kichwa kukubali. Aliheshimu desturi mpaka mwisho; hakulisikia neno ambalo hakutumiwa.

"Mwambie ageuze kanda," akasema. "Upande wa pili zipo nyingine."